Ruzuku Iliyotoka Mfukoni mwa Mkulima

Kila bei ya pamba inapoanguka katika masoko ya dunia, hoja moja hurudi mezani katika nchi za Afrika Mashariki: je, serikali ifidie hasara ya mkulima, au imwache apambane na soko peke yake? Wanaopinga husema kwamba hazina ya nchi si kisima kisichokauka, na kwamba mkulima aliyezoeshwa kupewa hatasimama kwa miguu yake. Wanaounga mkono huomba huruma. Pande zote mbili huzungumza kana kwamba ruzuku ni kitu kitokacho juu na kumshukia mkulima aliye chini. Historia ya pamba ya Uganda yaonyesha jambo tofauti kabisa. Na anayetaka kuliona jambo hilo vizuri ni heri asianzie Buganda wala Busoga, kulikokuwa na mashamba na vinu, bali aanzie Mbarara, mji wa Ankole, ambao pamba haikuwahi kuutajirisha.

Pamba ya biashara iliingia Uganda mwaka 1903, mbegu zilipoletwa na Kampuni ya Uganda chini ya K. E. Borup, zikagawiwa machifu wa Buganda, na machifu wakawagawia watu wao. Reli kutoka Mombasa ilikuwa imekwisha kufika ziwani tangu mwisho wa 1901, na mkoloni alikuwa akitafuta mzigo wa kuijaza. Lakini ilikuwako pia sababu nyingine ambayo haitajwi sana. Katika miaka hiyo Uganda haikuweza kujilipia gharama za utawala wake. Kila mwaka Hazina ya Uingereza ilitoa ruzuku ili makarani, askari na magavana wapate mishahara. Wabunge wa London walinung'unika, wakitaka kujua ni lini koloni hiyo itaacha kuwa mzigo kwa mlipa kodi wa Kiingereza.

Jibu lilitolewa na jembe la mkono. Mwaka 1908 Gavana Hesketh Bell alitoa sheria ya kulazimisha aina moja ya mbegu, na akapiga marufuku vinu vya mkono ili pamba yote ichambuliwe katika vinu vikubwa. Mazao yakaongezeka mwaka hata mwaka, na kufikia 1915 Uganda haikuhitaji tena msaada wa London. Basi ruzuku ya kwanza katika habari hii ni ile waliyopewa watawala, na aliyewaondolea aibu ya kuipokea ni mkulima wa pamba. Ni vyema kulikumbuka hilo kabla ya kuendelea.

Ankole haikualikwa katika neema hiyo. Si kwamba ardhi yake yote ilikataa pamba, ingawa ni kweli kwamba sehemu kubwa ni ya malisho na nyingine ni ya migomba. Yalikuwako maamuzi. Mwaka 1925, wakuu wa kilimo walipotaka kuhimiza mazao ya biashara katika wilaya za pembezoni, makao makuu ya serikali yaliwajibu kwamba si sera yake kuchochea pamba wala mazao mengine ya fedha katika wilaya zile zinazotegemewa kutoa wafanyakazi kwa ajili ya wilaya za katikati. Maana yake ilikuwa wazi. Buganda ilime, Ankole, Kigezi na West Nile zitoe watu. Kodi ya kichwa ilidaiwa pote, kwa fedha taslimu, lakini njia ya kuipata fedha hiyo ilifunguliwa kwa wengine, na kwa wengine ikafungwa. Kwa kijana wa Ankole njia iliyobaki ilikuwa ile ya kutembea kwa miguu kuelekea mashariki.

Mbarara ikawa mlango wa safari hiyo. Hawakuwa Wanyankole na Wakiga peke yao. Kutoka ng'ambo ya Mto Kagera walikuja Wanyarwanda na Warundi, wakikimbia kazi za shuruti chini ya Wabelgiji, na kikimbiwa vilevile kilikuwa kiboko, na kodi, na njaa. Njaa ile ya Rwanda ya 1928 na 1929, na ile iitwayo Ruzagayura ya 1943 na 1944, ziliwasukuma watu wengi mno kuvuka mpaka. Walipita Mbarara, wakashika njia ya Masaka, wengine wakiwa na wake na watoto, wengi wakiwa na mkeka na kibuyu tu. Huko Buganda waliitwa abapakasi, jina ambalo asili yake ni mpagazi wa Kiswahili, ingawa mzigo waliobebeshwa sasa ulikuwa jembe. Walilima pamba na kahawa katika mashamba ya Waganda kwa ujira wa miezi, au kwa kibarua cha siku na chakula. Baadhi yao, baada ya misimu miwili au mitatu, walipewa kipande cha ardhi na mwenye shamba, wakalipa kodi ya ardhi, wakaanza kupanda pamba yao wenyewe. Sensa ya 1948 iliwakuta wageni kuwa karibu theluthi moja ya Waafrika wote wa Buganda. Hivyo mtu anaposoma katika vitabu vya biashara vya zamani kwamba Waganda walizalisha marobota kadhaa ya pamba, inampasa ajue kwamba nyuma ya idadi hiyo imo mikono mingi iliyopita Mbarara.

Sasa vikaja Vita Vikuu vya Pili. Njia za bahari zilipokuwa za hatari na masoko yakavurugika, serikali ilishika ununuzi wote wa pamba. Bei ilitangazwa kabla ya msimu kuanza. Mkulima aliuza pamba mbegu kwa bei hiyo. Mwenye kinu alilipwa gharama za kuchambua pamoja na faida yake. Kisha pamba nyuzi iliuzwa ng'ambo na serikali yenyewe. Tofauti baina ya bei ya ng'ambo na ile aliyolipwa mkulima haikumrudia mkulima. Iliwekwa akiba. Vita vilipokwisha mpango haukwisha, bali uliimarishwa: mwaka 1949 iliundwa Bodi ya kuuza pamba nyuzi, na akiba ikajulikana kuwa Mfuko wa Kusaidia Bei. Kahawa nayo ilikuwa na mfuko wake, na kwa njia ya kahawa hata mkulima wa Ankole, aliyekuwa ameanza kupanda miti yake katika nchi za Igara na Bunyaruguru, akaingizwa katika mpango uleule.

Sababu zilizotolewa na serikali zilikuwa mbili, na haifai kuzipuuza zote. Ya kwanza ni kwamba maduka hayakuwa na bidhaa za kutosha, kwa hiyo fedha nyingi mikononi mwa watu zingepandisha bei za nguo, chumvi na sukari bila ya kumfaidi mtu yeyote. Ya pili ni kwamba soko la pamba lina tabia ya kupanda na kushuka, na kwamba mkulima aliyenyimwa sehemu ya malipo yake katika mwaka mnono atarudishiwa katika mwaka wa dhiki. Mwenye ghala naye hufanya hivyo. Ila mwenye ghala hushika ufunguo wa ghala lake, na hapa ufunguo ulishikwa na watu ambao mkulima hakuwachagua, wala hakuwa na mahali pa kuwauliza hesabu.

Januari 1945 ghasia zililipuka Buganda, na madai ya mishahara na bei yalikuwamo ndani yake. Aprili 1949 zililipuka tena, kubwa zaidi, nyumba za machifu zikachomwa moto. Kabla ya hapo wakulima waliokuwa katika chama kilichoongozwa na Ignatius Musazi walikuwa wamejaribu kuizuia pamba yao katika maghala yao wenyewe, wakitumaini kuichambua na kuiuza pasipo kupitia kwa wenye vinu. Umati uliokusanyika Mengo mbele ya Kabaka mwaka ule ulitaka mambo ambayo mkulima yeyote wa leo angeyaelewa mara moja: wauze mazao yao kwa wamtakaye, wachambue pamba yao wenyewe, na wawachague machifu wao. Chama cha wakulima kilipigwa marufuku. Tume ya Sir Donald Kingdon, iliyotoa ripoti yake mwaka 1950, ilitafuta wachochezi zaidi kuliko ilivyotafuta bei. Hata hivyo haikupita miaka mingi kabla ya mkoloni kulegeza kamba: Gavana Andrew Cohen, aliyefika mwaka 1952, aliruhusu vyama vya ushirika kununua vinu, na mwaka huohuo Musazi na wenzake wakaunda chama cha siasa cha Uganda National Congress. Chama cha kwanza cha siasa cha nchi nzima, kwa maneno mengine, kilizaliwa katika magunia ya pamba.

Wakati huohuo vita vya Korea, vilivyoanza mwaka 1950, viliirusha juu bei ya pamba na kahawa duniani kote. Mfuko wa Bei ukafura kwa mamilioni ya pauni. Hapo ndipo lengo lake lilipoanza kugeuka kimyakimya. Fedha zilizowekwa kwa ahadi ya kumkinga mkulima na mwaka mbaya zilionekana na maofisa kuwa mtaji wa maendeleo ya nchi, na sehemu yake ikahamishiwa huko. Barabara zilijengwa, shule zilijengwa, mashirika ya serikali yalianzishwa. Hapana haja ya kukana kwamba mambo hayo yalikuwa na faida. Mtoto aliyesoma katika shule hizo hakuuliza fedha zilitoka wapi. Lakini ile ilikuwa kodi, na ilikuwa kodi nzito kuliko nyingine yoyote nchini, iliyotozwa watu maskini kuliko wengine, bila ya kuitwa kodi na bila ya kupigiwa kura. Tajiri wa Kampala hakuwa na mfuko wa kumzuilia mapato yake. Reli ya kwenda magharibi ilipofika Kasese mwaka 1956 ilipita Kamwenge, kaskazini, ikaiacha Mbarara kando.

Bei ya dunia ikaanza kuteremka baada ya hapo. Katika misimu ya mwisho wa miaka ya 1950 na katika ile ya miaka ya 1960, Mfuko ulitoa nyongeza ili bei ya mkulima isiporomoke pamoja na ile ya dunia. Katika matangazo ya serikali nyongeza hiyo iliitwa msaada, na wako wataalamu walioandika kwa uchungu kwamba serikali inawabeba wakulima. Maneno hayo yana kinaya chake. Mtu aliyekatwa shilingi tatu jana, akarudishiwa moja leo, huambiwa ashukuru kwa ruzuku! Kufikia miaka ya baadaye ya 1960 akiba ilikuwa imekwisha kupungua kiasi cha kutoweza kuzuia lolote, na serikali ya Uganda huru ikalazimika kuipunguza bei ya mkulima yenyewe. Tanganyika nayo ilikuwa na Bodi yake ya pamba tangu 1952, na wakulima wa Usukuma, chini ya uongozi wa Paul Bomani, walipata nguvu zaidi kwa kuwa vyama vyao vya ushirika vilishika mizani na vinu mapema.

Hata hivyo mkulima mwenye shamba, kwa dhuluma yote aliyotendewa, alikuwa na jina katika daftari. Nyongeza ilipotolewa ilimfikia yeye, kwa kuwa ndiye aliyebeba pamba hadi kituo cha kununulia. Kibarua aliyeipalilia na kuichuma hakuwa na daftari. Bei ilipozuiliwa, ujira wake ulibanwa, maana mwenye shamba hawezi kulipa asichopata. Bei ilipoongezwa, hapakuwa na sheria ya kumfikishia hata senti. Alikuwa amerudi kwao, Ankole au Rwanda, akiwa na blanketi na fedha ya kodi. Wanauchumi waliopiga hesabu za Mfuko walijua kuhesabu ratili za pamba. Hawakuhesabu maili kutoka Kagera hadi Masaka.

Ni katika njia hiyohiyo ya vibarua, kusini-mashariki ya mji wa Mbarara, ambapo kambi ya Nakivale ilifunguliwa mwaka 1958 na kutambuliwa rasmi kuwa makazi mwaka 1960. Nchi ile kando ya ziwa ilikuwa kavu, yenye mbung'o na watu wachache. Machafuko ya Rwanda yaliyoanza Novemba 1959 yaliwaleta Watutsi kwa maelfu, na sheria ya Uganda ya 1960 iliyohusu wakimbizi ikawaweka chini ya usimamizi wa serikali. Hawa hawakuwa vibarua wale wa pamba, na haifai kuwachanganya. Wengi walikuwa wafugaji walioswaga ng'ombe wao. Lakini kwa jicho la wenyeji na la maofisa tofauti ilikuwa ndogo. Waliovuka Kagera kutafuta ujira waliitwa Wanyarwanda, na waliovuka kukimbia kifo waliitwa Wanyarwanda vilevile. Ubaya wa kutotenganisha hayo ulidhihirika Oktoba 1982, wakati maelfu ya watu katika Ankole walipofukuzwa majumbani mwao, mali zao zikaporwa, wakiwamo wazee walioishi humo tangu enzi za kulima pamba ya Buganda, na hata raia wa Uganda. Makumi ya maelfu walivuka kwenda Rwanda. Wengine makumi ya maelfu walisukumwa ndani ya makazi ya wakimbizi, Nakivale ikiwa mojawapo. Mtu aliyekuwa amefanya kazi nchini kwa miaka 40 aligeuzwa mkimbizi kwa siku moja.

Kufikia hapo pamba yenyewe ilikuwa mahututi. Msimu wa 1969/70 Uganda ilikuwa imevuna zaidi ya marobota 460,000. Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 waondoke. Vinu, vipuri na biashara za mkopo vikakosa mwenyewe. Lakini si haki kuweka lawama yote juu ya tendo hilo. Bodi iliendelea kuwa mnunuzi wa pekee, bei ikatangazwa kwa shilingi iliyokuwa ikipoteza thamani kila mwezi, na malipo yakacheleweshwa mpaka mkulima akapewa karatasi badala ya fedha. Mfuko wa enzi ya ukoloni ulimnyima mkulima sehemu ya bei. Bodi ya miaka ya 1970 na 1980 ilimnyima bei nzima kwa kumchelewesha. Mkulima hakuandamana kama mwaka 1949. Aling'oa pamba akapanda mihogo na mahindi, ambayo angeweza kula au kuuza sokoni jioni ileile. Mwishoni mwa miaka ya 1980 mavuno hayakufika hata marobota 30,000.

Wakati mkulima wa Uganda akifanya hivyo, wakulima wa pamba wa Marekani, wasiozidi 25,000 hivi, walikuwa wakilindwa na hazina ya taifa lao. Shirika la Oxfam lilikadiria kwamba katika msimu wa 2001/02 walipewa karibu dola bilioni 3.9. Ruzuku hiyo ilikuwa ruzuku kweli, yaani fedha za walipa kodi wengine. Ilizidisha pamba duniani na kuangusha bei kwa wote. Mwaka 2002 Brazil ilifungua mashtaka katika Shirika la Biashara Duniani, ikashinda. Mwaka 2003 Benin, Burkina Faso, Chad na Mali zilipaza sauti zao mbele ya shirika hilohilo. Shauri la Brazil lilimalizwa mwaka 2014 kwa Marekani kulipa dola milioni 300 za mwisho, nazo zililipwa Brazil. Kuhusu Afrika, iliyoumia pia kwa kuanguka kwa bei, makubaliano hayo hayakuwa na malipo.

Nchini Uganda ukiritimba wa Bodi ulifutwa kwa Sheria ya Maendeleo ya Pamba ya 1994. Mnunuzi sasa ni mwenye kinu binafsi, na serikali husimamia mbegu na ubora. Wenye vinu, waliojiunga katika chama chao tangu 1997, wamekuwa wakitoa mbegu na dawa kwa mkulima kwa bei nafuu au kwa mkopo, na gharama hukatwa kwa kila kilo inayouzwa. Wilayani huitwa msaada wa pembejeo. Umbo lake si geni kwa yeyote aliyefuatilia habari hii tangu mwanzo: kinachotolewa wakati wa kupanda kimekwisha kuhesabiwa ndani ya bei ya wakati wa kuvuna. Katika magharibi ya nchi pamba imebaki hasa Kasese.

Mbarara imekuwa jiji tangu Julai 2020, mji wa maziwa na ndizi, na Nakivale, ambayo tangu 2005 imo katika wilaya ya Isingiro, imekuwa makazi ya zaidi ya watu 150,000: Wakongo, Warundi, Wasomali, Wanyarwanda na wengineo, ambao sokoni huelewana kwa Kiswahili. Sera ya Uganda, iliyotiwa katika sheria ya 2006, inawapa ruhusa ya kufanya kazi na kipande cha kulima. Lakini vipande vimekuwa vikipungua kadiri watu wanavyoongezeka, na mgao wa chakula au wa fedha kutoka Shirika la Chakula Duniani umekatwa mara kadhaa tangu 2020. Mwaka 2023 familia zilipangwa katika makundi, lile lionekanalo dhaifu kabisa lipate zaidi, na lile lionekanalo kuweza kujitegemea lisipate kitu.

Waliotolewa katika orodha ya mgao wamefanya walichofanya wengine katika nchi hiyo kabla yao. Wanakwenda kulima kwa kibarua cha siku katika migomba ya Isingiro na Mbarara, wanalipwa jioni, na hakuna daftari linaloandikwa majina yao.